Bayodaijesta "isiyojaa": Kibosho haina shida, Mabogini jipange

Mabango ya mafundi wa bayodaijesta, yaani choo chenye tangi ambamo bakteria humeng'enya kinyesi, yanaahidi mambo matatu: shimo halijai, halinuki, halinyonywi (na gari la maji taka). Kwa upande wa tangi lenyewe, bidhaa inastahili sifa. Vyumba viwili vya bloku vilivyopigwa plasta vizuri, bomba la hewa la inchi 4 na mfuniko unaofunguka vinatosha kuwapa bakteria nafasi ya kumeng'enya kinyesi. Harufu ni ndogo na eneo linalotumika ni dogo.

Tatizo ni kwamba tangi halimezi maji. Lita 400 zikiingia asubuhi hadi usiku, lita 400 zitatoka upande wa pili, na zinaenda kwenye udongo. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanauza shimo lilelile la kunyonyea, upana mita 1.5 na kina mita 3, kwa kila kiwanja, uwe Ilboru au Machame kwenye miteremko ya milima, au kwenye mbuga tambarare za Kisongo.

Tupige hesabu. Shimo hilo lina ukuta wa takribani mita za mraba 14. Sakafu haihesabiwi kwa sababu huzibwa na tope mapema. Udongo tifutifu hunyonya maji ya choo kama lita 25 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo shimo linabeba lita 350. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 80, inatoa 400. Tayari limezidiwa kidogo, na bado hatujatoa sehemu ya ukuta iliyo juu ya bomba la kuingizia, ambayo hainyonyi chochote. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro yenye udongo mzuri wa volkano, kama Kibosho, chimba mawili na mambo yataenda. Kwenye mfinyanzi mweusi unaovimba, kiwango ni chini ya lita 10 kwa mita ya mraba. Shimo lilelile linabeba chini ya lita 140, yaani theluthi ya mahitaji. Masika likifurika, si kwamba bakteria wamekufa. Kuongeza dawa ya kopo ya bakteria ni kutupa fedha.

Fundi asipopima udongo, mwambie apime. Achimbe kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina cha mtaro utakaotumika, akijaze maji na kuyaacha usiku kucha. Usiku huo usirukwe: mfinyanzi wa kiangazi umepasuka, na nyufa humeza ndoo nzima kwa dakika chache kisha hujifunga ukilowa. Asubuhi ajaze tena, apime maji yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usichimbe shimo la kunyonyea hapo. Yakishuka kiasi hicho kwa chini ya dakika moja, nako kuna hatari, hasa kwenye changarawe na miamba yenye nyufa: maji taka hupita bila kuchujwa na kufika kwenye chemchemi au kisima. Weka umbali wa mita 30 kutoka kisimani, na zaidi pale ardhi inapopitisha haraka.

Kwa mfinyanzi, badala ya shimo dai mtaro: bomba la inchi 4 lenye matundu juu ya kokoto, kimo cha kokoto sentimita 60. Kuta zake mbili zinatoa mita za mraba 1.2 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo lita 400 zinahitaji angalau mita 33. Ugawe katika mistari miwili. Uwe mbali na msingi wa nyumba, kwa kuwa mfinyanzi ukilowa upande mmoja huvimba upande huo na ukuta hupasuka. Nyasi na migomba juu yake inasaidia kunyonya. Mchicha, karoti na mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe hapo, wala mkaratusi, mizizi yake itaziba bomba.

Chini ya Moshi, kwenye ardhi ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, maji yakiwa karibu na uso hata mtaro hautafaa. Karo lililozibwa na kunyonywa na gari ni bora. Tangi la plastiki likizikwa hapo lisiachwe tupu. Maji ya ardhini hulisukuma juu na kuvunja mabomba. Lifungwe kwenye jamvi la zege na kuzungushiwa mchanga, si mfinyanzi uliochimbuliwa.

Kuhusu "halinyonywi": mchanga na pedi havimeng'enywi. Fungua mfuniko kila miaka miwili upime tope.

Alama zetu: miteremko ya milima 4 kati ya 5, mfinyanzi 2, ardhi yenye maji 1. Na kwenye mkataba andika ukubwa wa eneo la kunyonyea kwa mita za mraba, kisha shikilia asilimia 10 ya malipo hadi masika ipite.