Matairi ya tela zito la safari: yapi ununue Dar, na yapi uyaache dukani

Tairi la tela likipasuka Mikumi, watu husema ni shimo. Mara nyingi shimo limemalizia tu. Tairi lilikuwa limeshaanza kuharibika kwa joto, na dereva hakujua, kwa sababu tela halina usukani wa kumtetemesha mikono wala kiti cha kumtikisa mgongo. Upepo ukipungua, au mzigo ukizidi, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Mpira unachemka, mikanda ya waya iliyo chini ya meno inaanza kuachana na mpira, na siku moja ngozi nzima inabanduka barabarani. Jua la Februari kwenye lami ya Barabara ya Morogoro huharakisha jambo hilo.

Ninamwandikia mwenye tela la kambi, karavani au tela la boti, linalovutwa na Land Cruiser, Hilux au Ranger. Mwenye semi-tela ana hesabu zake nyingine.

Anza na kilo, siyo jina la kampuni

Kabla ya kwenda dukani, lipime tela likiwa limejaa kama unavyosafiri nalo: maji kwenye tangi, mtungi wa gesi, friji, mahema, spea, yote. Ulizia mizani ya magari ya kulipia maeneo ya viwandani. Tela likiwa bado limefungwa kwenye gari, panda mizani kwa magurudumu ya tela peke yake. Kilo utakazosoma ndizo zinazobebwa na matairi.

Gawanya kwa idadi ya matairi, kisha ongeza angalau moja ya tano. Nyongeza hiyo ni ya lazima, kwa sababu matela mengi ya kambi huelemea upande mmoja, ule wenye jiko au tangi la maji.

Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 106/104R. Hizo ni namba za kwenye jedwali la mzigo: 100 ni kilo 800, 104 ni 900, 106 ni 950, 112 ni 1,120, 121 ni 1,450. Zikiandikwa mbili, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake na ya pili ni ya matairi yaliyofungwa mawilimawili upande mmoja. Wewe soma ya kwanza. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, R ni 170.

Tuseme ekseli mbili za tela lako zimebeba kilo 2,500. Kila tairi lina 625, na ukiongeza moja ya tano unapata 750. Tairi la 106 linatosha na kubaki. Lakini ukiwa na ekseli moja iliyobeba kilo 1,700, kila tairi lina 850, na ukiongeza unafika 1,020. Hapo lile la 106 halitoshi, hata muuzaji aape vipi.

Ninavyoyapanga

La kwanza, bila kusita, ni tairi jipya la gari la mizigo midogo, lenye herufi C baada ya namba ya ringi au LT kwenye namba yake. Kwa matela ya wastani ni 195R15C la ply 8 (nguvu ya tabaka nane), lenye 106/104. Hiace zinatembelea saizi hii, na nchi hii imejaa Hiace. Ukipata janga Chalinze, Ruaha Mbuyuni au Makambako, una nafasi nzuri ya kupata tairi la kukufikisha. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo. Tela linalosubiri siku tatu kando ya barabara hadi tairi litoke Dar ni tela linaloibiwa vitu.

Kama tela ni zito kweli, panda hadi 7.50R16 au 225/75R16 la mizigo, ambayo hupatikana yenye namba 121. Saizi ya 7.50R16 ni ya Land Cruiser za kazi, zile za hospitali, miradi na mbugani, kwa hiyo nayo haikosi wenyeji njiani. Wenye Land Cruiser wana faida nyingine: kama bolti za tela ni idadi ileile, zenye nafasi ileile na tundu la kati linaingia, ringi za gari na za tela zinabadilishana. Una spea mbili badala ya moja. Hakikisha kwa kufunga ringi kabisa, siyo kwa macho.

La pili ni tairi lililotengenezwa kwa matela tu, lenye herufi ST mbele ya namba. Wamarekani ndio wanaoyatumia sana. Ubavu wake ni mgumu, halichezi tela linapokata kona, na kwa saizi ileile hubeba zaidi: ST225/75R15 la daraja D (sawa na ply 8) hubeba kilo 1,150 kwa upepo wa psi 65. Kwa ubora wa kazi ningeliweka juu. Nimelishusha kwa sababu ya Dar yenyewe. Saizi nyingi za ST huzikuti madukani, unaagiza, na linalokuja huenda limeshakaa ghalani muda mrefu. Pia ST nyingi zimekadiriwa kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa isipokuwa ubavu useme vinginevyo, na kuna madereva wetu ambao mwendo huo kwao ni wa asubuhi kabla injini haijapata moto. Kama una tela la Kimarekani lenye ringi ambayo hailikubali tairi jingine, agiza matano kwa mpigo, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu mwaka wa kutengenezwa kabla hujalipa.

La tatu ni tairi la gari la abiria au SUV. Nalitaja kwa sababu wauzaji watakupa. Linaingia kwenye ringi, ni laini, bei ni nzuri. Lakini likifungwa kwenye tela, uwezo wake hugawanywa kwa 1.10, yaani tairi la kilo 800 unalihesabu kwa 727 hivi. Ubavu wake ni mwembamba, na tela refu likipitwa na basi linaanza kuyumba. Kwa tela jepesi la kubeba mizigo ya Kibaha na kurudi, sawa. Kwa karavani, hapana.

Yaliyovishwa mpira upya yana nafasi yake kwenye malori makubwa. Kwenye tela dogo zito sikushauri.

Na mitumba niiseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayotuua. Tairi la mtumba kutoka Japani linaweza kuwa na meno yote na bado likawa bovu, maana meno hayasemi umri. Mengine ni matairi ya barafu. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye theluji. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi, na hapa kwetu unachemka na kuisha upesi. Ukiliweka chini ya tela lenye tani mbili, umenunua ajali kwa bei nafuu.

Ukiwa kwenye maduka ya Gerezani, Dar

Muuzaji atakwambia, "Bosi, huu mzigo mpya, umeshuka juzi." Inawezekana umeshuka juzi kweli. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimame, tunategemea matairi yanayovuka bahari, na tarehe ya kushuka bandarini si tarehe ya kutengenezwa. Inama utafute maandishi ya DOT, kisha tarakimu nne za mwisho kwenye kisanduku kidogo: 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Kama hazionekani upande wa nje, mwambie akugeuzie tairi, ziko upande wa pili. Soma kila tairi, siyo moja tu la juu. Mimi silichukui la tela lililozidi mwaka mmoja na nusu, kwa sababu baada ya miaka mitano au sita tangu kutengenezwa nitalitoa hata kama meno yamejaa. Tela hulala muda mrefu, na tairi linazeeka likiwa limelala.

Kati ya jina kubwa la zamani lenye miaka minne na jina la Kichina lenye miezi mitano, namba za mzigo zikilingana, chukua lile la miezi mitano. Dai risiti ya EFD iandikwe saizi na idadi, ndiyo utakayorudi nayo ubavu ukitoa nundu.

Siku ya kufunga

Mwambie fundi abadilishe valvu, aweke za chuma kama unakwenda zaidi ya psi 65, na asawazishe ringi kwa mashine. Wengi watakwambia tela halihitaji kusawazishwa. Linahitaji, la sivyo vyombo na mbao za ndani ndivyo vitakavyotikiswa.

Upepo ujazwe kwa kipimo cha ubavuni, na ringi nayo iwe ya kuhimili hicho kipimo. Kwa 195R15C la ply 8 kwa kawaida ni psi 65. Mafundi wengi wa barabarani huweka 35 kwa mazoea ya magari madogo, na hapo tairi linaanza kuchemka kabla hujavuka Kibaha. Nunua geji yako. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, na usipunguze upepo ukikuta namba imepanda ukiwa safarini, ni joto la kawaida hilo. Ukifika Chalinze, simama, kaza tena bolti zote, uguse kila tairi. Lenye joto kuliko wenzake lina upepo mdogo, mzigo zaidi, au beringi inakwama.

Kwenye tela la ekseli mbili, tairi moja likipasuka, la jirani yake limebeba mzigo wa mawili kwa muda huo wote. Litoe, likaguliwe ndani na nje. Likiwa limevimba au lina nyufa, usilirudishe.

Spea iwe ya saizi na namba ileile, na isome tarehe yake kama ulivyosoma za wenzake.