Nimepeleka maziwa maabara wapime dawa gani inaua wadudu wa kiwele, haya ndo maoni yangu

Jina la maabara siliweki, maana nawasifia na kuwalalamikia humu humu na huku Arumeru tunajuana. Ni maabara ya mifugo, unawapelekea maziwa wanaotesha bakteria halafu wanapima dawa ipi inawaua na ipi wameshaizoea. Kama una ng'ombe anayerudiarudia ugonjwa wa kiwele hii inakuhusu.

Mgonjwa wangu ni ng'ombe wa Friesian, chuchu ya nyuma kulia inatoa mabonge, anapigwa penstrep (dawa ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini), maziwa yanasafika, unasahau, baada ya muda mabonge hayo tena. Pale agroveti ushauri wao ni mmoja tu, badilisha dawa, na ukiuliza kwa nini hii na sio ile unaambiwa hii ni kali. Sasa kila dozi mpya unamwaga maziwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye boksi ziishe ndo upeleke kituo cha kukusanyia maziwa, kwa hiyo kubahatisha kuna gharama yake na hakuna anayekurudishia.

Nianze na mazuri. Chupa wanakupa wenyewe, zimeshachemshwa, na yule dada wa maabara alimkalisha kijana wangu wa kukamua akamwelekeza taratibu bila dharau: osha chuchu ukaushe, mwaga mikamuo ya mwanzo, sugua ncha ya chuchu na pamba ya spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke, chupa uilaze upande isisimame wima chini ya kiwele maana nywele na pumba vinadondokea humo humo, na mfuniko usiuweke chini hata kidogo. Maziwa kiasi tu, kwenye deli lenye barafu, yafike siku hiyo hiyo. Na uchukue kabla ng'ombe hajapigwa dawa yoyote, ukishapiga wadudu wanaweza wasiote kabisa hata kama wamo. Jirani yangu yeye alipeleka kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikaota kila takataka, wakamwambia sampuli imechafuka akawaka pale kaunta. Kiukweli walikuwa sahihi, ukiona aina tatu na zaidi za bakteria kwenye chuchu moja ujue umewaletea mavi na vumbi.

Niliomba kuona sahani yenyewe wakaniruhusu, na hapo nawapa nyota zote. Wadudu wamepakwa sahani nzima wameota kama utando mweupe, juu yake kumepangwa vidoti vya karatasi, kila kimoja na dawa yake, vinalala kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Kidoti cha penisilini wadudu wamekisogelea mpaka karibu wanakigusa, hawana habari nacho. Cha tetrasaiklini kaduara kembamba. Cha jenta (jentamaisini) duara kubwa safi, hakijaota kitu. Dada anashika rula anapima upana wa duara kwa milimita, halafu anaangalia jedwali, na hili nilikuwa silijui, kumbe kila dawa ina kiwango chake, kwa Staph aureus, bakteria mmojawapo wa ugonjwa wa kiwele, penisilini inatakiwa ifike milimita 29 ndo ihesabiwe inafanya kazi wakati tetrasaiklini 19 tu inatosha, yani usione duara kubwa ukadhani hiyo ndo dawa bora.

Wadudu wangu wakawa ndo hao hao, Staphylococcus aureus, wanatengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini. Kwa hiyo ampisilini na amoksilini tupu nazo ni bure, na penstrep zote zile nilizonunua penisilini yake ilikuwa haifanyi lolote. Kloksasilini ndo ilionekana inawaweza.

Sasa malalamiko. Simu haipokelewi, yani haipokelewi kabisa, unapanda bodaboda kwenda kuuliza majibu unakuta hayajatoka. Cheti kinaandikwa S na R basi, milimita hawaweki, maelezo hakuna, mfugaji wa kawaida atajuaje S ni dawa inayoua na R ni usugu? Halafu kwenye orodha wamepima mpaka kloramfenikoli, dawa ambayo nchi nyingi zimepiga marufuku kwa mnyama anayeliwa au kukamuliwa, sasa ukiniandikia S pale unataka nikaitafute? Wangepima zile tunazozikuta madukani kwa ajili ya kiwele wangetusaidia zaidi.

Kubwa kuliko yote hawakusema kwamba kufa kwenye sahani na kufa ndani ya kiwele ni vitu viwili. Hii nimeelezwa na dokta wetu wa kata, kwamba hawa Staph wanajificha ndani ya seli na kwenye makovu ya kiwele, dawa haiwafikii vizuri, ndo maana ng'ombe wa muda mrefu anaweza asipone hata kwa dawa yenye S. Tena hawatoki kwenye maziwa kila siku, kwa hiyo hata majibu ya "hakuna kilichoota" usiyashangilie, rudia. Yeye alishauri tusimpige tena sasa hivi, tumkaushe, yani tuache kumkamua mpaka azae, na tumwekee tyubu za kloksasilini za wakati wa ukavu, na akirudi kwenye kukamuliwa awe wa mwisho kwenye mstari asiambukize wenzake kwa mikono na taulo. Saivi yuko kwenye ukavu, tutajua akizaa.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Kazi ya ndani ni safi, ya mapokezi ovyo. Bei yake haizidi dozi moja iliyokosea ukijumlisha na maziwa ya kumwaga, ila kama ni ng'ombe mmoja kaumwa mara ya kwanza mi naona muone dokta tu. Wanaorudiarudia, au wakianza kuumwa wengi kwa pamoja, hao peleka. Na msipeleke Ijumaa mchana, wikiendi hakuna anayeotesha.