Kuchagua Mafuta na Krimu kwa Ngozi Kavu ya Utu Uzima Inayoshinda Chini ya Kiyoyozi

Mtu aliyevuka miaka hamsini na anayeshinda ndani ya jengo lenye kiyoyozi, awe karani wa benki mjini Moshi, mhudumu wa hoteli, au mtumishi katika ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Arusha, huondoka nyumbani asubuhi akiwa amejipaka vizuri, lakini ikifika saa nane mchana miguu imekwisha kupauka, ngozi ya uso inabana na mikono inawasha. Wengi huamua kwamba mafuta waliyonunua hayafai, wakanunua mengine ya bei ya juu zaidi, na hali ikabaki ile ile, kwa sababu walichagua kwa harufu au kwa picha iliyo kwenye kopo na hawakuangalia kazi ambayo mafuta hayo yanatakiwa kuifanya. Mwongozo huu unazipanga bidhaa za kawaida za madukani kwa kigezo kikuu kimoja, nacho ni uwezo wa kuyazuia maji yasitoke ndani ya ngozi kwa muda wote wa saa za kazi.

Kiyoyozi hupoza hewa kwa kuipitisha juu ya mabomba baridi. Mvuke uliomo hewani ukigusa mabomba hayo hugeuka maji, na ndiyo yale tunayoyaona yakidondoka kutoka kwenye bomba dogo lililo nje ya ukuta. Kila tone linalodondoka limetoka katika hewa ya chumba, na hewa iliyopungukiwa unyevu huvuta maji kutoka popote inapoyapata, ikiwemo ngozi ya aliyeketi mbele yake. Ngozi ya kijana hustahimili hali hiyo kwa sababu tezi zake hutoa mafuta ya kutosha, na tabaka lake la juu limejaa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta zinazoziba nafasi zilizo kati ya seli. Umri unaposonga mafuta hayo hupungua, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi baada ya ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka. Kwa mkazi wa Arusha, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, miezi ya kuanzia Juni huongeza mzigo, kwani mvua hukatika, baridi na vumbi huingia, na mtu hutoka katika hewa kavu ya nje akaingia katika hewa kavu ya ndani. Moshi iko chini zaidi na ina joto zaidi, hivyo viyoyozi vyake hufanya kazi saa nyingi, hasa katika joto la Januari na Februari.

Kabla ya kununua, ni vyema kujua kwamba bidhaa za ngozi kavu hufanya kazi za namna tatu. Zipo zinazovuta maji na kuyashika, kama glisirini, yurea na asidi ya hayaluroniki. Zipo zinazojaza nafasi zilizo kati ya seli, kama seramidi na baadhi ya mafuta ya mimea. Na zipo zinazofunika ngozi ili maji yasitoroke, kama mafuta ya mgando, nta ya nyuki na dimethikoni. Ofisini, bidhaa inayovuta maji peke yake haitoshi, kwa kuwa hewa ikiwa kavu, maji yaliyovutwa kutoka ndani ya ngozi nayo huishia hewani.

Nafasi ya kwanza, kwa maoni yangu, ni ya krimu nzito ya kopo isiyo na manukato, iliyochanganya glisirini na kifunika ngozi, na ikiwezekana seramidi pia. Uzito ninaousema ni ule wa krimu isiyomwagika kopo likiinamishwa. Krimu ya namna hii hufanya kazi zote tatu kwa pamoja, haiachi mng'ao wa mafuta juu ya karatasi za ofisini, na hufaa uso, shingo na mikono. Haina ulazima wa kuwa ya kampuni yenye jina kubwa. Soma orodha ya viambato nyuma ya kopo, kwa kuwa viambato huandikwa kwa kufuatana na wingi wake: neno Glycerin likiwa miongoni mwa matano ya mwanzo, na Petrolatum (yaani mafuta ya mgando) au Dimethicone (dimethikoni) likiwa karibu, krimu hiyo ina msingi mzuri. Neno Parfum likionekana, iache na utafute nyingine, kwa sababu manukato ni miongoni mwa visababishi vya kawaida vya mzio wa ngozi, na ngozi iliyokwisha kukauka huathirika kwa urahisi zaidi.

Ya pili ni mafuta ya mgando ya kawaida, na mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu anunue haya bila kusita. Hakuna kinachofunika ngozi kwa ufanisi zaidi, na ukiyapata yasiyo na harufu wala rangi, ni nadra sana kumletea mtu mzio. Udhaifu wake ni kwamba hayaongezi maji yoyote. Hufunga yale yaliyopo. Kwa hiyo yanatakiwa yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa imefutwa kidogo tu na bado ina unyevunyevu. Anayeyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka huupata ulaini wa juu juu, na maji aliyotaka kuyahifadhi yamekwisha kupotea. Mchana huwa yananata na kuchafua mikono ya shati, hivyo nayapendekeza zaidi kwa usiku, na kwa mchana yabaki kwenye midomo, viwiko na pembeni mwa kucha.

Ya tatu ni krimu ya yurea, ambayo watu wengi huipita famasini bila kuitazama, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa sababu kwa miguu na mikono ya mtu mzima huleta mabadiliko makubwa. Ikiwa na kiwango cha asilimia 5 hadi 10, yurea huvuta maji na kulainisha ngozi ya miguu iliyopauka hadi kufanya magamba madogo madogo. Kwa magaga ya visigino tafuta yenye asilimia 20 au zaidi, uipake usiku na kuvaa soksi za pamba juu yake. Isipakwe penye mpasuko unaotoa damu wala kwenye ngozi iliyochubuka, kwa kuwa huchoma. Usoni ni bora kuiacha. Mwenye kisukari amwonyeshe daktari magaga yake kwanza, maana kidonda kidogo cha mguu kwake chaweza kugeuka jambo kubwa.

Nafasi ya nne nimeyapa mafuta ya mimea pamoja na siagi ya shea, na najua kwamba uamuzi huu hautawapendeza wote, kwani kwetu mafuta ya nazi yamelea vizazi. Sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo hayana uwezo wa mafuta ya mgando wa kuzuia maji, na hayafanani yenyewe kwa yenyewe. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma hutupatia kwa wingi, mara nyingi yana asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji ili kujijenga, na yaliyokamuliwa bila kuchujwa kwa kemikali hufaa kupakwa mwilini. Mafuta ya nazi nayo hulainisha vizuri. Mafuta ya zeituni ndiyo nisiyoyashauri: yana asidi nyingi ya oleiki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hudhoofisha tabaka la juu la ngozi, wakati yale ya alizeti hayakulidhuru. Mafuta ya parachichi pia yana asidi hiyo kwa wingi. Mwenye ngozi nyepesi kuwasha ayatumie kwa uangalifu. Shea ni nzito na hufunika vyema kuliko mafuta ya maji, na wengi hutumia vizuri kwa kuipaka juu ya krimu wakati wa jioni.

Losheni nyepesi za chupa zinachukua nafasi ya tano. Sehemu kubwa yake ni maji, huingia haraka na hupendeza mkononi, lakini chini ya kiyoyozi huisha nguvu mapema. Kama tayari unayo, itumie mwilini na ufunike juu kwa mafuta kidogo.

Mwishoni naweka seramu za asidi ya hayaluroniki, maji ya waridi ya kupuliza usoni, na glisirini tupu ya chupa ndogo. Vitu hivi si vibaya, ila vikitumika peke yake ndani ya chumba kikavu havisaidii. Maji ya kupuliza hukauka usoni ndani ya dakika chache na kuiacha ngozi ikibana kama awali. Glisirini, ikichanganywa na maji na kisha kufunikwa kwa mafuta ya mgando, huwa mbadala wa bei nafuu wa ile krimu ya kwanza.

Kuna bidhaa ambazo hazistahili nafasi yoyote, nazo ni mkorogo na krimu zinazoahidi kung'arisha ngozi. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi nchini, na usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Krimu za steroidi kali zinazouzwa kama vipodozi huifanya ngozi iwe nyembamba, na ngozi ya utu uzima tayari imepungua unene. Naomba akina mama wenzangu walizingatie hili, kwa sababu ngozi iliyochubuliwa haishiki maji hata ikipakwa krimu bora namna gani.

Wakati wa kulipa, gawanya bei kwa ujazo. Kopo dogo la dukani mara nyingi huwa ghali zaidi kwa kila gramu kuliko kopo kubwa, ingawa la kwanza ni la kujaribia: paka kidogo sehemu ya ndani ya mkono kwa siku chache kabla ya kulipia kubwa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ile alama ya kopo lililo wazi yenye namba kama 6M au 12M, ambayo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Usinunue krimu iliyopangwa juani nje ya kibanda, iwe soko la Kilombero jijini Arusha au la Mbuyuni mjini Moshi, kwani joto huitenganisha na kuiharibu.

Sabuni nayo ihesabiwe katika bajeti hii. Ngozi ina uasidi mdogo, karibu na 5 kwa kipimo cha uasidi kiitwacho pH, wakati sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 hadi 10, yaani hazina uasidi. Anayeogea sabuni ya mche na maji ya moto kila siku huondoa mafuta machache yaliyobaki, kisha hulipa tena kuyarudisha. Nunua sabuni laini isiyo na harufu, na uitumie kwapani, miguuni na sehemu za siri tu. Anayeketi karibu na dirisha aongeze krimu ya kukinga jua, kwa kuwa kioo cha kawaida hupitisha miale ya jua iitwayo UVA.

Kuhusu kifaa cha kuongeza unyevu hewani, kinafaa kwa ofisi ndogo yenye mlango unaofungwa, na hakina maana katika ukumbi mkubwa. Lengo ni unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na kipimo kidogo cha unyevu hununuliwa pamoja nacho ili usibahatishe. Maji yake yabadilishwe kila siku na tangi lisuguliwe kila wiki, la sivyo kitapuliza ukungu na bakteria. Kabla ya kukinunua, mwombe fundi au msimamizi wa jengo ayaelekeze mapanga ya kiyoyozi juu ili hewa isikupige usoni, na apandishe joto hadi nyuzi 24 au 25. Kwa Arusha ya Juni na Julai, mara nyingi kufungua dirisha kunatosha.