Tovuti ya fomu 34A: chombo kizuri cha kupima siasa za mtaa, ukikubali kujumlisha mwenyewe

Uchaguzi ukiisha, Nairobi hujaa wajuzi wa ngome. Mtaa huu ni wa fulani, ule wakazi wake hawapigi kura, kwingine "vijana walilala". Usiku wa 9 Agosti 2022 maneno hayo yalipata mizani. IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ilifungulia umma tovuti yenye picha za fomu 34A, yaani matokeo ya urais ya kila kituo, na vituo vilikuwa 46,229. Hakikuhitajika kiingilio wala nenosiri. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: je, inaweza kukuonyesha mtaa umeegemea wapi na umejitokeza kwa kiasi gani?

Kwanza, unachopewa ni picha, si takwimu. Msimamizi wa kituo hujaza fomu kwa kalamu, maajenti wakatia sahihi, kisha akaipiga picha kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha uchaguzi, na kuituma. Ukiifungua unasoma mwandiko wake. Hakuna jedwali lililojumlishwa, na ndiyo maana siku zile kila runinga ilikuwa na hesabu yake: makarani walikuwa wakinakili fomu moja baada ya nyingine, kila chumba cha habari kikianzia kaunti kilizozitaka. Kwa uwazi, huduma hii inastahili alama zote. Kwa urahisi wa kutumia, mbili kwa tano, na hapo tumekuwa wakarimu.

Tuchukue Kibra, eneobunge lililokatwa kutoka Lang'ata mwaka 2013. Unaingia kaunti, eneobunge, wadi, halafu kituo. Wadi ni tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley/Kenyatta Golf Course. Usitegemee jina la shule peke yake, kwa sababu majina hufanana. Shika namba ya kituo, yenye tarakimu 15: tatu za kaunti (Nairobi ni 047), tatu za eneobunge (Kibra ni 278), nne za wadi, tatu za mahali pa kujiandikisha, na mbili za mwisho ni za chumba, maana shule moja huwa na vyumba kadhaa na kila chumba ni kituo. Fungua faili la Excel na uiandike namba hiyo kama maandishi, si kama tarakimu, la sivyo sifuri ya mbele itapotea na utashinda jioni nzima ukiitafuta.

Katika kila fomu nakili kura za kila mgombea (2022 walikuwa wanne), jumla ya kura halali, kura zilizokataliwa, na idadi ya waliojiandikisha. Waliojitokeza ni kura halali pamoja na zilizokataliwa, gawanya kwa waliojiandikisha. Mfano wa kubuni: halali 352, zilizokataliwa 4, waliojiandikisha 640. Jibu ni asilimia 55.6. Karatasi iliyoharibika mpiga kura akapewa nyingine haimo kwenye hesabu hii, maana haikuingia sandukuni.

Kabla ya kuamini safu yako, jumlisha wagombea wote uone kama wanalingana na jumla iliyoandikwa. Mara nyingi tofauti ndogo ni 1 iliyosomwa 7, au msimamizi aliyechoka kujumlisha saa nane za usiku. Kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700, kwa hiyo ukipata 812 rudi kwenye picha kwanza, kabla hujapiga kelele za wizi.

Kosa kubwa zaidi, na hata wachambuzi wa redioni hulifanya, ni kulinganisha vyumba vya shule moja kana kwamba ni vijiji tofauti. Wapiga kura wa shule moja hugawanywa vyumbani kwa herufi za majina. Majina yetu hubeba kabila na dini, basi chumba kimoja kikimpa mgombea kura nyingi kuliko jirani yake, huenda umepima alfabeti tu. Jumlisha vyumba vyote vya shule ndipo useme lolote. Hapo Kibra inaanza kuonekana kwa undani: Woodley ya nyumba za mawe si Gatwekera ya vibanda vya mabati, na Makina yenye Wanubi wengi haifanani na Laini Saba.

Kwenye idadi ya waliojitokeza, tatizo haliko katika tovuti bali katika daftari la wapiga kura. Kinachogawanya ni waliojiandikisha, si wakazi. Wapangaji wengi wa Kibra wameandikishwa ushago na siku ya kura hupanda basi; wengine walihama mtaa zamani na majina yao yangali pale. Ukaguzi wa 2022 wa KPMG, kampuni ya wakaguzi wa hesabu, ulikuta zaidi ya marehemu 200,000 katika daftari la nchi nzima. Asilimia ndogo katika mtaa wa wapangaji, basi, haithibitishi uvivu. Kitaifa, mwaka 2022, waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 65.

Kuna pia pengo linaloumiza anayetaka siasa za mtaani hasa: tovuti ilihusu urais pekee. Mbunge yuko kwenye 35A, mwakilishi wadi kwenye 36A, gavana kwenye 37A, na hizo hukuzipata hapo. Mtu anayetaka kuwania wadi ya Lindi atajua mrengo unaopendwa, asijue kama wapiga kura wale wale walimfuata diwani wa chama hicho hicho. Kwake huduma hii ni nusu.

Ukilinganisha na 2017, fanya hivyo kwa shule, usifanye kwa namba ya chumba. Wakati ule vituo vilikuwa 40,883. Vipya vilipoongezwa, waliokuwa chumba cha 3 wanaweza kuwa sasa wako cha 5. Tumia kura ya 8 Agosti 2017. Ile ya marudio, 26 Oktoba, iache kabisa: Raila Odinga aliisusia, na katika mtaa kama Kibra asilimia yake inapima mgomo, si hamu ya kupiga kura.