Helena's, Kalihi: Bakuli Moja la Poi Katikati ya Meza

Mimi ni seremala. Babu yangu alikuwa fundi wa madau kule Wete, na tangu utotoni nina tabia moja: nikiletewa chakula kwenye chombo cha mti, kwanza nakiinua nitazame nyuzi zake, kisha ndiyo nile. Basi msinilaumu kwamba habari hii ya mkahawa naianzia makumbusho.

Mwenzangu wa karakana hapa Seattle ni mzaliwa wa Kalihi, mtaa wa Honolulu, Hawaii, ambao watalii wengi hawaufiki. Machi iliyopita alitualika mimi na mke wangu kwenye harusi ya mdogo wake. Siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana, alituingiza Bishop Museum, makumbusho yaliyoanzishwa 1889 kwa kumbukumbu ya binti wa kifalme Bernice Pauahi Bishop. Alijua atanimaliza. Nilisimama mbele ya mabakuli ya Kihawaii mpaka mke wangu akaenda kukaa.

Wao bakuli la namna hiyo wanaliita ʻumeke. Mengine ni ya mti, mengine ni vibuyu vilivyokatwa juu, kama vile bibi zetu walivyokata vibuyu vya kutilia maziwa na maji. Ya mti yalichongwa kwa tezo za mawe. Keezo, mashine ya kuzungushia mti unapochongwa, hawakuwa nalo zamani, lakini duara limekaa sawasawa, na ukuta wa bakuli ni mwembamba hata hujui fundi aliachia wapi mkono. Baada ya tezo walisugua kwa matumbawe na mawe mepesi ya volkano, na kumalizia kwa majani makavu ya mshelisheli, halafu wakapaka mafuta ya kokwa za kukui, mti wa kwao. Hapo nilimkumbuka babu. Yeye alisugulia majani ya msasa, mti wenyewe, kabla neno hilo halijahamia kwenye karatasi za dukani.

Miti waliyoipenda kwa vyombo vya chakula ni mitatu: kou, milo na kamani. Kamani ni mtondoo wetu, ule ule unaoota pwani, wenye tondoo za kukamulia mafuta. Koa, mti wao mashuhuri, ulikuwa wa mitumbwi. Kwenye bakuli la chakula waliukwepa kwa sababu unatoa uchungu. Nalisema hili kwa sababu maduka ya watalii yamejaa mabakuli ya koa yanayong'aa, bei yake ni mamia ya dola, na wauzaji wawili niliowauliza waliniambia ndiyo bakuli la asili la poi, yaani jimbi lililopondwa, chakula chao kikuu. Ni mazuri, sikatai, na walioyakereza wanajua kazi. Lakini mnunuzi aambiwe anachonunua.

Kilichonishika zaidi ni viraka. Bakuli likipasuka hawakulitupa. Fundi alichonga kipande kidogo chenye umbo la mkia wa samaki pande zote mbili, kiunoni chembamba, akakipachika kukatiza ufa ili usiendelee. Kinaitwa pewa. Kuna mabakuli yenye pewa nyingi, na mwenzangu akaniambia kwamba kwao bakuli lililotengenezwa hivyo linathaminiwa kuliko lisilowahi kupasuka, maana viraka vinaonyesha kuna watu waliolitaka liendelee kuishi. Mimi nimeziba nyufa za meza kwa kiungo hicho hicho miaka kumi na minne na nilikuwa nakificha chini.

Sasa mkahawa. Helena's Hawaiian Food uko North School Street, mwendo mfupi tu kutoka makumbusho. Ulianzishwa 1946 na Helen Chock, ukahamia hapo ulipo 2001, na mwaka 2000 ulipata tuzo ya upishi ya Marekani ya James Beard, ile wanayopewa migahawa ya mtaa inayobeba chakula cha mahali pake. Ukiwa unatarajia mapambo, hakuna. Meza, viti, watu wa mtaani, na juu ya jiko mbavu za ng'ombe zinaning'inia zikikauka. Hizo zikikaangwa ndiyo pipikaula yao inayosifiwa. Nenda mapema, maana vyakula vinakwisha na maegesho ni machache.

Chakula hakiji kwenye sahani kubwa. Kinakuja kwenye vibakuli, kila kitu chake: samaki mwake, mboga mwake, nyama mwake, na kisahani cha vitunguu vibichi, chumvi ya kwao, na haupia, yaani tui la nazi lililogandishwa kwa wanga likakatwa vipande vya mraba. Tulikuwa watu sita na vibakuli vikafika zaidi ya kumi na tano. Vikazungukia bakuli moja kubwa la poi lililowekwa katikati. Kwa mtu aliyekulia kwenye sinia, nilijua mara moja namna ya kukaa.

Mimi na mke wangu hatuli nguruwe, na nyama ya kuchinjwa tunaichagua, kwa hiyo kalua, yaani nguruwe wa kuokwa, na laulau, nguruwe aliyefungwa kwenye majani ya majimbi, zilikaa upande wa wenyeji, na pipikaula sikuionja. Walioila walinyamaza muda mrefu. Sisi tulikamata vya baharini. Muulizeni mhudumu kila kibakuli kina nini, yule wetu alijibu kwa subira kimoja kimoja. Butterfish wa kukaanga alikuwa na ngozi kavu na nyama laini yenye mafuta yake. Samoni wa lomi ni samaki wa chumvi aliyekandwa kwa mkono pamoja na nyanya na vitunguu, analiwa baridi, na kwa ulimi wangu yuko jirani sana na kachumbari. Samaki huyo si wa maji yao. Aliletwa kwa merikebu akiwa kwenye chumvi karne ya 19, wakamfanya wao.

Kisha kikaja kibakuli cha majani ya majimbi yaliyopikwa kwa tui pamoja na ngisi. Majani yamepikwa mpaka yamekuwa kama uji mzito wa kijani, tui limetoa mafuta kando. Mke wangu alitia kijiko, akafumba macho, akaniambia, "Baba Salma, huyu ni pweza wa nazi wa nyumbani." Mwenzangu akacheka, akasema wazee wao hata pweza wanamwita ngisi, basi hakukosea sana. Tuliagiza viwili vingine. Kama utakula kitu kimoja tu Helena's, na wewe ni mtu wa pwani, kula hicho.

Lakini vibakuli vyote hivyo ni vitoweo. Chakula ni poi. Jimbi, wao wanasema kalo, linapikwa, linamenywa, linapondwa kwa jiwe juu ya ubao mpaka linakuwa donge, halafu linalegezwa kwa maji. Rangi yake ni zambarau iliyochanganyika na majivu. Uzito wake wanaupima kwa vidole: ikinyanyuliwa kwa kidole kimoja ni nzito, ikitaka viwili ni ya wastani, ikitaka vitatu ni nyepesi. Poi ya siku hiyo hiyo ina utamu wa mbali. Ikikaa siku mbili tatu inachacha, na wengi wanaitaka hivyo. Wageni huionja peke yake, wakasema haina ladha. Wanakosea kama angekosea mtu anayeonja ugali bila mchuzi. Chovya poi, kisha samoni ya chumvi, kisha poi tena. Ile chachu inafuta chumvi, chumvi inaita chachu. Kwa aliyekunywa uji mchachu, njia anaijua.

Tulipokuwa garini mwenzangu na mdogo wake walikuwa wakibishana vikali kuhusu gharama za hema la harusi, na ubishi ukaingia nao mpaka mezani. Bakuli la poi lilipowekwa, wote wawili wakanyamaza. Sikuelewa. Baadaye mwenzangu akanieleza: kwa Wahawaii kalo ni kaka. Katika masimulizi yao ya asili, Wākea na Hoʻohōkūkalani walizaa mtoto aliyekufa, wakamzika, na pale kaburini likaota jimbi la kwanza, Hāloa. Mtoto wa pili aliyezaliwa akapewa jina hilo hilo, na huyo ndiye babu wa watu. Kwa hiyo bakuli la poi likiwa wazi, kaka mkubwa yupo mezani, na mbele yake hakuna kugombana. Bwana harusi alikula kimya, akamsogezea kaka yake kibakuli cha mbavu. Hema hawakulitaja tena mbele yangu.

Na watu wanaokula bakuli moja wanakuwa ndugu. Mwanamume mmoja aliyekuja kutusalimia mezani alitambulishwa kwangu kama "binamu wa kibuyu", maana yake hakuna damu kati yao, ila wamekua wakila chombo kimoja. Sisi tuna ndugu wa kunyonya ziwa moja. Wao wana ndugu wa bakuli. Haikuwa hivyo kwa wote tangu zamani. Mpaka 1819 sheria ya kapu, yaani miiko yao ya kale, ilikataza wanaume na wanawake kula pamoja, na wanawake walinyimwa nguruwe, nazi na aina nyingi za ndizi. Mwaka huo mfalme Liholiho aliketi kula pamoja na wanawake wakuu wa nyumba ya kifalme mbele ya watu, na mfumo mzima ukavunjika kwa mlo huo. Nilimtazama mke wangu akichota tui la nazi kwenye meza ile nikaliwaza hilo.

Niseme pia nilipokatishwa tamaa, ili sifa zangu zisionekane za bure. Siku ya kwanza, kabla mwenyeji wetu hajatushika mkono, tuliingia duka moja la poke huko Waikiki. Poke maana yake ni kukata vipande, na asili yake ni kitoweo: samaki mbichi, chumvi, mwani, na inamona, yaani kokwa za kukui zilizookwa na kupondwa. Wali chini yake ulikuja baadaye, baada ya vibarua wa mashamba ya miwa kutoka Uchina na Japani kuja na mazoea yao ya kula bakuli la wali. Mchanganyiko huo ni mzuri, na jodari wao ni wa sifa. Lakini pale tulipewa wali wa baridi, samaki wachache, na juu yake vitu kumi na viwili vya kujichagulia, mahindi, embe, michuzi mitatu ya mayonezi, vyote vimeshindiliwa kwenye bakuli la karatasi lenye kifuniko. Inamona niliuliza, hawakuwa nayo. Kila mtu na bakuli lake, kila mtu na kifuniko chake, na jodari huwezi kumsikia. Siku tatu baadaye, poke ya bandani kwa mama mmoja mwuza samaki, chumvi na mwani na inamona basi, ilinionyesha ni nini tulichokuwa tumekosa.

Kwa wanaouliza gharama: Helena's unaweza kulipia kibakuli kwa kibakuli, lakini ukienda peke yako utaishia na viwili vitatu na kuona umepunjwa. Nendeni wengi. Poi agizeni bakuli moja kubwa, msigawane vidogo vidogo.

Tulipokaribia kumaliza, bibi mmoja wa meza ya jirani, ambaye kila aliyepita alimwita shangazi, alinyoosha shingo akaangalia bakuli letu. Poi ilikuwa imeanza kukauka ukingoni. Akanionyesha kwa ishara: chovya kidole majini, zungusha ukutani kutoka juu kwenda chini, urudishe yote katikati, bakuli lisiachwe chafu likiwa bado na chakula. Nikafanya. Akanitazama mpaka nikamaliza mzunguko, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mlo wake.