Usaili wa hatua tano kwa kazi ya upimaji wa programu: uzoefu wangu nikiwa Tanga

Kuanzia siku nilipotuma wasifu wangu hadi siku nilipotia saini mkataba zilipita wiki tisa, na katika wiki hizo nilisailiwa mara tano na kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza mifumo ya tiketi na malipo. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa yapo ya kuisifu na yapo ya kuilaumu, na ninachotaka kueleza ni namna usaili wenyewe ulivyoendeshwa, ili mwingine aliye mbali na Dar es Salaam ajue kinachomsubiri. Hatua nne nilizifanya nikiwa chumbani kwangu Ngamiani. Ya tano ilinilazimu kupanda basi.

Hatua ya kwanza ilikuwa simu ya dakika 20 kutoka kwa afisa rasilimaliwatu, ambaye alitaka kujua elimu yangu, kazi niliyokuwa nikiifanya na muda ambao ningeweza kuanza. Ya pili ilikuwa mtihani wa kuchagua majibu, uliofanyika mtandaoni, na maswali yake yalifuata kwa karibu muhtasari wa ngazi ya msingi wa ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji wa programu iliyoanzishwa mwaka 2002. Mtihani wa bodi hiyo yenyewe una maswali 40 ya dakika 60, na mtahiniwa hufaulu akipata angalau asilimia 65. Yule ambaye lugha ya mtihani si lugha yake huongezewa robo ya muda, akapata dakika 75. Mimi cheti hicho sina, na kampuni haikukidai, lakini muhtasari wake hupakuliwa bure na nilikuwa nimeusoma wote mara mbili. Mtihani wa kampuni ulikuwa wa Kiingereza, na nyongeza ya muda haikuwapo. Nadhani ingefaa iwepo, kwa sababu kilichokuwa kikipimwa ni ujuzi wa kutafuta hitilafu, wala si wepesi wa kusoma Kiingereza.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifanya niiheshimu kampuni hii. Nilitumiwa programu ya majaribio ya kukata tiketi za basi, pamoja na waraka wa kurasa mbili unaoeleza inavyotakiwa kufanya kazi, nikaambiwa niipime na kutuma ripoti ya hitilafu ndani ya siku tatu.

Nilianza na umri wa abiria. Waraka ulisema mtoto wa miaka 3 hadi 12 analipa nusu nauli, na aliye chini ya hapo halipi kitu. Katika kazi hii makosa mengi hukaa mipakani, maana mwandishi wa programu akiandika "chini ya 12" pale alipopaswa kuandika "12 au chini yake", ni umri mmoja tu utakaoharibika na mingine yote itaonekana salama. Kwa hiyo sikuhangaika na mtoto wa miaka 7; niliingiza 2, 3, 12 na 13, na mtoto wa miaka 12 akatozwa nauli ya mtu mzima. Kisha nikaingia kwenye malipo. Nilibonyeza kitufe cha "Lipa" na papo hapo nikazima intaneti ya simu, nikasubiri kidogo, nikaiwasha tena. Kitufe kilikuwa palepale kana kwamba sijalipa, nikakibonyeza mara ya pili, na programu ikanipa tiketi mbili, viti viwili, jina moja. Fedha zilikuwa za majaribio, lakini anayejua mtandao unavyoyumba mtu akiwa njiani ataelewa kwa nini niliiweka hitilafu hiyo juu kabisa ya ripoti.

Iliyonigusa zaidi niliiona nilipobadilisha lugha. Kwa Kiingereza, basi la kwanza kutoka stendi ya Kange liliandikwa 06:00. Kwa Kiswahili, skrini ileile ilisomeka: "Kuondoka: saa 6:00 asubuhi." Aliyetafsiri alitafsiri maneno akaiacha saa kama ilivyo. Sisi basi la 06:00 tunaliita basi la saa 12 asubuhi, na saa 6 kwetu ni mchana, au ni katikati ya usiku. Nilimfikiria mama anayetoka Pongwe na mizigo yake, amesoma saa 6 kwenye simu, anafika Kange jua likiwa utosini, na basi lake limekwishaipita Chalinze. Nikaliangalia pia basi la saa 5 usiku siku ya Ijumaa. Wazee wengi wa huku pwani huihesabu siku tangu jua linapotua, hivyo usiku ule kwao ni usiku wa Jumamosi, na abiria wawili wanaweza kusoma tiketi moja wakaja stendi kwa siku mbili tofauti. Hilo sikuliandika kama hitilafu, kwa sababu waraka haukusema lolote juu yake. Niliandika swali kwa aliyetayarisha waraka, nikapendekeza tiketi isomeke "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi".

Kila hitilafu niliiandikia kichwa, simu niliyotumia na toleo la mfumo wake, hatua za kuirudia moja baada ya nyingine, matokeo yaliyotarajiwa, matokeo yaliyoonekana, na picha ya skrini. Kazi hiyo ilinichukua zaidi ya saa saba, ilhali barua ilisema saa tatu zinatosha, na bando lilikuwa langu. Hapa nina lawama ya dhati. Mtu aliyeajiriwa mahali pengine hupata saa saba kwa kukesha tu, na kampuni inayotaka kazi ya kina kiasi hicho kabla ya kuajiri ingepaswa ama kuipunguza ama kuilipia.

Hatua ya nne ilikuwa mazungumzo ya video na jopo la watu watatu. Ukuta wa chumba changu unapakana na karakana ya kuchomelea mageti, na mashine ikianza kazi, taa zangu hufifia na sauti haisikiki. Asubuhi ile nilimfuata fundi mapema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa hivyo?"

Nilimweleza kwamba nina usaili kuanzia saa nne hadi saa tano. Alitazama mageti yaliyokuwa yakimsubiri, akasema, "Basi saa hiyo nitapaka rangi." Nimeliandika hili kwa sababu anayesailiwa kutoka nyumbani anahitaji watu wa namna hii, na mimi nilibahatika kuwa naye ukuta kwa ukuta.

Kiongozi wa wapimaji, dada mmoja mpole asiyeacha jambo nusu, alikuwa amesoma ripoti yangu yote. Ile hitilafu ya saa nilikuwa nimeipa ukali mdogo na kipaumbele cha juu, nikiamini kwamba ukali hupimwa kwa namna programu inavyoharibika, na hapa programu ilikuwa haijaharibika. Aliniuliza, "Abiria amelipa nauli yake na basi limemwacha. Hilo ni dogo?" Nilitafakari kidogo nikamjibu kwamba nimekosea, kwamba madhara kwa mtumiaji ni sehemu ya ukali hata kama mfumo wenyewe haujazimika, na kwamba sasa ningeipa ukali mkubwa. Aliandika kitu akaendelea. Mwenzake alinionyesha ombi lililotumwa kwa seva, yaani kompyuta inayopokea na kujibu maombi ya programu, likiwa na tarehe isiyokuwapo, 30 Februari, na seva imejibu kwa namba 200 huku ndani ya jibu kukiwa na ujumbe wa kosa. Nilieleza kwamba 200 maana yake ni kwamba ombi limefanikiwa, kwamba kosa la mtumaji lilistahili 400, na kwamba mfumo mwingine unaosoma namba tu bila kusoma ujumbe ungedhani tiketi imekatwa. Saa moja ilikwisha sijui saa ngapi. Sijawahi kuulizwa maswali yaliyofanana na kazi yenyewe kwa kiasi kile.

Kwa hatua ya tano nilisafiri takriban kilomita 350 kwa nauli yangu, ambayo baadaye walinirudishia. Meneja aliniomba nimweleze kwa Kiswahili, kama ambavyo ningemweleza karani wa tiketi pale stendi, kwa nini abiria mmoja amepata tiketi mbili. Nilisema: "Dada, mtandao ulikatika kabla simu yake haijapokea jibu, akadhani hajalipa, akalipa tena. Tiketi ya pili ifute na umrudishie fedha zake. Sisi tunarekebisha ili simu iulize kwanza kama malipo ya mwanzo yameingia." Alitaka nirudie bila kutumia neno "jibu", nikarudia.

Kisha tukazungumza mshahara, na hapo ninamsihi anayekwenda apige hesabu zake mapema, kwa sababu kiasi wanachokitaja ni ghafi. Ondoa kodi, ondoa asilimia 10 ya NSSF, na kama ulisomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu, ondoa tena asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa ajili ya Bodi ya Mikopo, ndipo ujue kitakachobaki mkononi na kama kinalipa chumba cha Dar es Salaam. Niliomba nyongeza nikapewa kidogo, pamoja na ruhusa ya kufanya kazi nikiwa Tanga wiki mbili kila mwezi.

Baada ya siku ile kilifuata kimya cha siku 19. Niliandika baruapepe mbili, na hakuna aliyejibu, hata kwa mstari mmoja wa kusema bado wanaamua. Kwa kampuni iliyosoma ripoti yangu neno kwa neno, sikuweza kulielewa jambo hilo na bado silielewi. Pale mapokezini nilikuwa nimekaa na kijana wa Korogwe aliyekuja kwa nafasi ileile, tukagawana karanga na tukapeana namba za simu. Mimi niliitwa siku ya 20. Yeye, hadi ninapoandika haya, hajaambiwa kama amekosa. Wiki yangu ya kwanza kazini nilimfuata afisa rasilimaliwatu nikamwomba amwandikie; amesema atafanya hivyo, na Jumatatu nitamuuliza tena.