Kijitabu cha istilahi za fasihi: tamathali safi, mizani ina kasoro

Ni kopi iliyobanwa pini, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya skuli pale Darajani, Unguja, na Chake Chake, Pemba, pia utaipata. Wanaoigombania ni wanafunzi wa kidato cha nne, na wana haki: kila istilahi imepewa maana ya mistari miwili na mfano mmoja, basi.

Mifano ya methali ndiyo nguvu yake. Tanakuzi, yaani kuweka pamoja maneno yanayopingana, imeonyeshwa kwa "Tamaa mbele, mauti nyuma". Tashihisi kwa "Siri ya mtungi aijuaye kata", na mwandishi ameona hata kile kiambishi "a-" kinachomfanya kata awe mtu. Hapo kajua kufundisha. Takriri (kurudia neno), tafsida (kupunguza ukali wa neno) na mubalagha (kutia chumvi) hazina neno.

Kwenye sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine, anateleza. Ati ukiona "ni", hiyo sitiari. Ukiona "kama", tashbihi, yaani kufananisha kwa neno la kulinganishia. "Mapenzi ni kikohozi", sawa. Lakini "Mwalimu wetu ni Mpemba" ni taarifa tu, na "kama mvua ikinyesha" ni sharti. Jiulize kwanza: nini kimefananishwa na nini, na kwa sifa gani? Ukikosa sifa, hapana tamathali.

Kasoro kubwa iko kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi. Kijitabu kinaagiza kila "m" iliyotangulia konsonanti ihesabiwe peke yake. Chukua kipande hiki: "Mbuzi kafungwa mtini". Mbu-zi-ka-fu-ngwa-m-ti-ni, mizani 8 kamili. Kwa kanuni yao "mbuzi" inapata 3, kipande kinafika 9, na mwanafunzi anaandika kuwa mshairi kavunja arudhi, yaani kanuni za utungaji! M ya "mtini" ni silabi nzima. Ya "mbuzi" imeungana na b. Ila "mbwa" na "nchi" zina mizani mbilimbili, maana mkazo unaiangukia hiyo m na hiyo n. Ghani kwa sauti huku ukipiga kofi kwa kila silabi, utasikia.

Utenzi umeelezwa sawasawa: mishororo 4, mizani 8, vina vitatu vya mwanzo vinafanana na cha nne ni bahari, yaani kinarudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Lakini kijitabu kuuzwa Pemba bila ubeti mmoja wa Kamange wala Sarahani, washairi wa Pemba, hilo halisameheki.

Kinunueni, na ile kanuni ya "m" ifuteni kwa mstari. Kabla ya kulipa pekueni mpaka mwisho, kwani mashine za kopi huruka kurasa.